Siku Baba Alipoangukia Kabeji

Kabeji iliyoteremshwa kutoka Werugha alfajiri, ikafungiwa ndani ya gunia lenye umande, ikafika Voi jua limeshakaza, ina harufu ambayo wateja wangu hawaipendi. Ni kama majani yaliyochemka kidogo bila maji, na chini yake kuna ubaridi wa udongo ambao bado haujajua kwamba umeshuka mlima. Mimi huipenda. Kila asubuhi nikifungua gunia la kwanza pale sokoni, huinamisha uso na kuvuta pumzi moja ndefu, na dereva wa pikapu hudhani nakagua kama mzigo umeoza. Namwacha adhani hivyo. Mtu akidhani unakagua, hushusha bei mwenyewe.

Kisha nahesabu. Nahesabu mara mbili, ya kwanza kwa sababu simwamini dereva, ya pili kwa sababu sijiamini mimi. Lakini ile pumzi siipigii hesabu. Hiyo hunirudisha kwenye ploti yetu ya kupanga, upande wa pili wa reli, wakati ule mdogo wangu Simiyu alipokuwa na baba wawili, mmoja wa hadithi na mmoja wa kweli, na wa kweli ndiye aliyekuwa anashindwa.

Nikueleze kwanza tulivyokuwa. Baba alitoka Bungoma akiwa kijana, akaja huku kukata mkonge. Mama ni wa Werugha, kule juu ambako watu huota moto mchana. Baba hakujua Kidawida zaidi ya salamu, na Mama hakujua lugha ya akina Baba hata hizo salamu, kwa hiyo wakakutana kwenye Kiswahili, ambacho wote wawili walikiingia kama wageni na hakuna aliyemcheka mwenzake kwa makosa. Nilizaliwa mimi, Nekesa. Baadaye sana, wakati walipokuwa wameshagawa nguo zangu za utotoni, akazaliwa Simiyu, na nguo zikalazimika kuombwa zirudi.

Kazi ya mkonge ilipopungua, Baba alipata kazi ya ulinzi Uarabuni. Simiyu ndiyo kwanza alikuwa anasimama kwa kushika ukuta. Baba aliondoka na sanduku moja la kuazima, na Mama akaanza kuuza mboga ambazo mjomba alimshushia kutoka nyumbani.

Soko likishapoa, Mama alikuwa akirudi na masalio. Tulikaa nje ya mlango wetu, juu ya gunia lililochanwa, tukichambua. Majani yaliyonyauka yalikwenda kwa sungura wa jirani, mazuri yalifungwa upya na kunyunyiziwa maji ili yapate moyo wa kuuzwa kesho. Mikono ikiwa na kazi hiyo, midomo ilikuwa na yake. Mama aliyaita mazungumzo hayo kurudisha siku. Hakuwa akitusimulia, alikuwa akiuliza. Asubuhi tulikutana na nani kwanza? Yule mzee wa mbuzi alisema nini? Na wewe ulimjibu nini? Halafu? Hiyo "halafu" yake ilikuwa kama kiganja cha mnunuzi anayengojea nyongeza. Hakikunjwi mpaka kimewekewa kitu.

Alikuwa na ujanja mmoja ambao nimeurithi na ninautumia sokoni bila aibu. Alikuwa akikosea makusudi. Katikati ya kurudisha siku alichomeka jambo ambalo halikutokea, kwa sauti ile ile ya utulivu, akaendelea kufunga mboga. Angesema yule mbuzi alikuwa mweusi. Mimi ningeruka, hapana Mama, mweupe, mwenye baka sikioni. Angebisha kwamba alimwona kwa macho yake. Ningeapa. Angeteremka kidogo, basi tuseme wa kijivu. Nami nisingekubali kijivu. Tungevutana hapo mpaka ashindwe, na akishashindwa mimi nilikuwa na mbuzi mzima kichwani, na baka lake, na kamba yake ya katani, na mzee aliyemshika akikohoa. Mbuzi huyo kama ningepewa bure ningemsahau kabla ya chakula.

Jirani yetu, Mama Mwakio, alikuwa na namna yake. Jumapili tulikwenda wapi? Kanisani. Pasta alisema nini? Tupendane. Vizuri. Ikaisha hapo, kama daftari lililopigwa vema. Mwakio mwenyewe alikuwa akihamia kwenye gunia letu saa za kuchambua, na hakuwa anapenda mboga.

Siku iliyorudishwa kuliko zote ilikuwa ya Werugha. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla Baba hajasafiri, tukapanda mlima sote wanne ili amuage mama mkwe wake na mtoto aonekane. Nikiiunganisha vile tulivyoijenga pale nje ya mlango, ilikwenda hivi.

Baba alipanda Werugha na shati la mikono mifupi, kama mtu anayekwenda Miasenyi, huku chini kwenye joto, kununua tikiti maji. Kufika, ukungu umekaa juu ya shamba hata hujui ng'ombe yuko upande gani mpaka alie. Meno ya Baba yakaanza kugongana. Sasa, kwao magharibi mkwe na mama mkwe hawakaribiani ovyo. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani kila mmoja hupata jambo la kutazama kichakani. Nyanya alikuwa ameambiwa hayo na aliyaheshimu, lakini hakuweza kumtazama mtu akitetemeka hivyo uani kwake. Akavua sweta yake akanituma nimpelekee. Walikuwa wamesimama umbali wa kupitishiana chumvi, lakini nilitumwa. Mwambie baba yako avae. Nikavuka uwanja, nikamwambia. Mwambie nyanya yako nashukuru, sisikii baridi. Nikarudi. Mwambie meno yake nayasikia kutoka hapa.

Akavaa. Ilikuwa sweta ya kike, ya maua, na mikono yake ilimkomea viwikoni. Akambeba Simiyu kwenda kumwonyesha ng'ombe. Shamba la Nyanya limekatwa ngazi ngazi kuteremka mlima, na boma la ng'ombe liko chini, na kati ya hapo ni kabeji. Udongo ulikuwa umelowa. Baba alikanyaga ukingo wa ngazi ya kwanza, ukingo ukaondoka naye, akaenda kifudifudi katikati ya kabeji za mama mkwe wake, amevaa sweta ya mama mkwe wake, mbele ya mama mkwe wake. Lakini mikono yote miwili ilibaki juu, na juu ya mikono alikuwapo Simiyu, mzima, kama kikombe cha ushindi. Simiyu akacheka. Ng'ombe akanyoosha shingo juu ya ua akamlamba wayo. Na Nyanya, aliyekuwa pale na kisu akitukatia kabeji za kubeba, akageuka polepole akaanza kuutazama mlima, ambao kwa ukungu ule haukuonekana. Kwa adabu, hakuona kitu. Baba akainuka, akarudi uani, akakaa. Kabeji zilizopasuka tulizila siku hiyo hiyo na hakuna aliyezitaja.

Mimi niliona yote hayo nikiwa nimesimama juu, na kwa kuwa sikuwa mkwe wa mtu yeyote, sikuwa na sababu ya kutazama pembeni.

Simiyu hakuweza kukumbuka. Alikuwa mtoto wa kubebwa. Lakini alikua akiisikia siku hiyo ikirudishwa, na alipoanza kusema, akaingia ndani yake kidogo kidogo kama mtu anayejipatia nafasi kwenye benchi. Kwanza alikuwa na neno moja, "Puu," la pale Baba anapoanguka. Baadaye akapata sweta. Mama akisema Baba alivaa koti, Simiyu alikuwa akipiga gunia kwa kiganja na kusema sweta, sweta ya Nyanya, na kumkazia Mama macho kama mama huyo ana tabia ya kusahau. Kisha akachukua ng'ombe. Mwisho alipokuwa anakaribia kuanza chekechea, hadithi ilikuwa yake. Aliwasimulia wageni, aliwasimulia wauza maji. Baba yangu alianguka puu, mimi niko juu. Ulikuwa huwezi kumwambia chochote kuhusu baba yake ambacho hakijui.

Baba mwenyewe, kule Uarabuni, hakuwa na habari kwamba analelewa hivyo. Alikuwa akipiga simu akipata nafasi, na Mama aliiweka simu kwenye spika juu ya ndoo iliyofudikizwa. Baba alikuwa na swali moja kwa Simiyu, kila mara lile lile. Unanikumbuka? Simiyu alikuwa akitikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa hakusafiri kwa simu. Baba angengoja, angeuliza tena, kisha angesema haya, mpe mama yako.

Alirudi kwa likizo wakati wa kiangazi kikali, basi likamshusha barabarani mchana. Nilimjua kwa mwendo kabla ya uso. Alikuwa amenenepa mashavu, ana sanduku lake mwenyewe sasa, na anatoa harufu ya manukato iliyoingia chumbani kabla yake na kukataa kutoka. Simiyu alikaa nyuma ya gunia la vitunguu. Baba akachuchumaa, akafungua sanduku, akatoa gari dogo la betri linaloimba. Simiyu akaja, akalipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa, akasema, "Asante, anko."

Watu wote walicheka. Baba naye alicheka, lakini alichelewa kidogo.

Siku zilizofuata akaanza mtihani. Hakuwa mtu mbaya, mjue hilo. Alikuwa mtu mwenye haraka, amekuja na wiki chache tu mfukoni. Alimweka Simiyu mbele yake kila akipata nafasi. Mimi ni nani? Baba. Nilikuwa wapi? Uarabuni. Nilikuletea nini? Gari. Majibu yote yalikuwa sahihi na Simiyu aliyatoa mikono imenyooka ubavuni. Kisha aliporuhusiwa alikwenda kwa Mama, akamvuta leso, akauliza kwa sauti ambayo yeye aliamini ni ya siri, "Na Baba mwenyewe atakuja lini?"

Baba alikuwa anafunga viatu. Aliendelea kufunga kimoja kwa muda mrefu sana.

Mama alijaribu njia ya mkato. Siku moja walikuja wageni, watu wa kanisani pamoja na jamaa mmoja wa kwao Baba, mzee wa kutoka Bungoma aliyebaki huku tangu enzi za mkonge. Chai ikiwa inamiminwa, Mama akamwambia Simiyu, huyu si ndiye yule yule aliyeanguka kwenye kabeji? Nilimwona Simiyu akigeuka kumtazama yule mtu kwa mara ya kwanza kama kitu kinachoweza kununuliwa. Alimtazama miguu, akapanda mpaka usoni. Alikuwa tayari kukubaliana.

Lakini yule mzee naye aligeuka, akauliza, kabeji za nani? Na Mama, kikombe mkononi, hakuwa na jibu lingine ila kabeji za mamake. Mwanamume kuanguka kwenye shamba la mama mkwe wake, mbele yake, kwa watu wa kwao si jambo la chai. Baba akacheka kavu.

"Sikuanguka," alisema. "Niliteleza kidogo tu, nikainuka. Mama Nekesa anapenda kuongeza chumvi."

Simiyu akarudi kwenye gari lake. Jioni hiyo aliniambia tukiwa bombani tunangojea ndoo ijae, kwa upole, kama mtu anayeona afadhali nijue mapema, kwamba yule si yeye. Hata kabeji hazijui.

Nilijaribu kumtetea Baba. Nilimwambia ni yeye, nilikuwapo, niliona. Simiyu akanijibu kwamba baba yake alianguka puu, na huyu amesema mwenyewe hakuanguka. Mpaka leo sijapata kesi iliyojengwa vizuri hivyo.

Baada ya hapo nyumba ilipungua maneno. Chumba chetu kilikuwa kimoja na pazia katikati, na pazia halizuii sauti ya mtu aliyechoka. Nilimsikia Baba akimwambia Mama kwamba wakala amempigia, kuna nafasi kwenye ndege ya mapema, na kwamba anafikiri ataichukua. Mtoto ananiita anko ndani ya nyumba ninayolipia kodi, alisema. Hapa mimi ni mgeni mwenye zawadi, na zawadi zimeisha. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningelala. Nilikuwa mkubwa kiasi cha kujua kwamba mtu akiondoka hivyo, hakuna tarehe ya kurudi ambayo unaweza kuiamini. Palikuwa na familia mbili kwenye ploti yetu zilizokuwa na baba wa namna hiyo, wa kutajwa shuleni tu.

Mama hakubembeleza. Alisema wacha Jumapili ipite.

Jumapili hiyo tulirudi kutoka kanisani, tukala, na Mama akatoa gunia nje kama siku nyingine yoyote, ingawa Jumapili hakuwa na desturi ya kuchambua. Baba alikuwa ameketi ukutani, hatua chache kutoka kwetu, anapigilia mguu wa kigoda uliolegea. Mwakio alikuwapo, bila shaka. Mama akaanza kufunga spinachi, akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba siku ile ya Werugha ilikuwa na jua sana.

Simiyu akaipokea papo hapo. Ukungu, Mama. Mama akasema haya, ukungu, na baba yenu alikuwa na koti lake jeusi. Sweta, akasema Simiyu. Ya Nyanya. Nyundo ya Baba ilikuwa ikienda polepole, ko, ko. Mama akakubali sweta, lakini akasema anaikumbuka vizuri, ilikuwa ya rangi moja. Ya maua, tukasema sote watatu, hata Mwakio ambaye hakuwahi kufika Werugha. Mama akafunga fungu lingine. Hakuwa amemtazama Baba hata mara moja.

"Ya maua," alisema. "Lakini haikuwa na vifungo, ilikuwa ya kuvalia kichwani."

Mimi sikukumbuka vifungo. Simiyu akanitazama, nikainua mabega. Ilikuwa mara ya kwanza Mama kukaribia kushinda.

"Ilikuwa na vifungo," Baba alisema, macho kwenye kigoda. "Cha chini kilikuwa kimekatika, nyanya yenu alikuwa ametia pini."

Nyundo ikanyamaza. Nafikiri hakuwa amekusudia kusema. Ni kama mtu anayepita sokoni akasikia bidhaa yake ikitajiwa bei ya uongo. Hata kama ameapa hauzi, lazima aseme.

Simiyu alisimama. Akaenda mpaka nusu ya njia, akasimama tena, mikono nyuma. "Ilikudunga?" aliuliza.

Baba aliiweka nyundo chini. Akamtazama Mama, na Mama alikuwa anatafuta uzi. Akatazama mlango wa yule mzee wa kwao, kwa maana mzee alikuwa akikaa kwenye ploti hiyo hiyo, milango michache kutoka kwetu, na alikuwa nje kwenye kiti chake na masikio yake yote mawili.

"Ilinidunga," Baba alisema, na hakupunguza sauti. "Nilipoanguka."

Hakuna aliyecheka. Simiyu akamalizia ile nusu iliyobaki. Akataka kuonyeshwa ilidunga wapi, na Baba akainua shati, akaonyesha mahali tumboni ambapo hapakuwa na alama yoyote, na Simiyu akapagusa kwa kidole, akaridhika. Kisha akarudi kwenye mtihani wake, maana sasa yeye ndiye aliyekuwa mwalimu.

"Na ng'ombe alifanya nini?"

Baba alikuwa hajui. Ningeweza kumnong'oneza, nilikuwa karibu, lakini Mama aliniwekea mkono gotini.

"Ng'ombe sikumwona," Baba alisema. "Uso wangu ulikuwa kwenye kabeji. Wewe ndiye uliyekuwa juu. Mimi tangu siku ile sijui kilichoendelea huko. Hebu niambie."

Sijawahi kumsikia Simiyu akisema kama alivyosema siku hiyo. Alimpa ng'ombe mzima, shingo, ulimi, wayo uliolowa. Alimpa Nyanya akitazama mlima usiokuwapo. Na Baba alikuwa akiuliza, halafu? Akauliza ulimi ulikuwa laini? Hapana, unakwaruza. Alilia, yule ng'ombe? Hakulia, alipumua tu. Baba akasema yeye alisikia kitu kimelia. Simiyu akafikiri, akamweleza kwamba hicho kilikuwa kicheko, na kwamba kilikuwa chake. Baba akasema kumbe. Akasema alikuwa akijiuliza muda wote huo, kule kazini usiku, ni nini kililia. Hapo ikabidi aokote nyundo.

Bila kuombwa, Simiyu akakalia mguu wa kushoto wa Baba, kwenye kiatu, kama watoto wanavyokaa wakiwa na nia ya kukaa.

"Mbona uliwaambia hukuanguka?" aliuliza.

"Niliona haya," Baba akasema.

Simiyu akasema haidhuru. Akasema kabeji zilikuwa nyingi.

Mama aliniambia nihesabu mafungu. Nilihesabu, nikarudia, kisha nikaanza kuyapima kwa mkono, maana kulikuwa na kasoro. Mengine yalikuwa manene kama paja, mengine majani mawili na uzi. Mama, ambaye sokoni walimjua kwa mafungu yaliyolingana kama yametoka kiwandani, alikuwa amefunga jioni nzima bila kutazama mikono yake. Nilimwonyesha. Akasema yaache hivyo hivyo, kesho watachagua wenyewe.

Baba hakuchukua ndege ya mapema. Alimaliza likizo yake, akarudi Uarabuni kwa mkataba mmoja zaidi, na simu ziliendelea kuingia kwenye ile ndoo. Lakini swali la unanikumbuka lilikufa. Sasa alianza moja kwa moja. Simiyu, siku ile tulipokwenda kununua viatu vyako vyekundu. Na Simiyu angepiga kelele ploti nzima isikie, vyeusi, Baba, vyeusi, na Baba angebisha kutoka huko mbali, na salio la simu lingekwisha wakiwa bado hawajapatana. Alipomaliza mkataba alirudi kabisa. Sasa ana kibanda cha matunda Miasenyi, kando ya barabara, na Simiyu, mwenye ndevu zake na gereji yake ya pikipiki, hupita huko Jumamosi, wakabishana mpaka wateja wangoje.

Kwa miaka mingi niliamini nimeielewa siku hiyo. Kisha tulipanda Werugha mwaka jana, Mama na mimi, kuangalia mzigo kabla ya mvua, tukasimama juu ya zile ngazi. Bado kuna kabeji. Nikamwuliza jambo ambalo mtu anayehesabu kila kitu mara mbili alipaswa kuuliza zamani. Wakati Baba anaanguka, wewe ulikuwa umesimama wapi?

"Mimi?" alisema. "Mimi nilikuwa jikoni, macho yamejaa moshi. Sikuona kitu."

Nilidhani ananifanyia ule ujanja wake. Hapana. Alisema alisikia tu uwanja umenyamaza, na alipotoka, mumewe ameketi ana tope kifuani na mama yake anatazama hewani. Wote wawili hawakusema, siku hiyo wala baadaye. Nyanya alikufa hajasema. Kwa hiyo yote, mikono iliyobaki juu, ng'ombe, kicheko, alipewa na mimi.

"Ulikuwa huachi kuongea," alisema. "Na mimi sikuacha kuuliza."

Nikapiga hesabu pale pale mlimani, nikairudia. Mwaka ule Baba alipoondoka, Mama alikuwa mdogo kuliko nilivyo sasa. Alikuwa na watoto wawili, meza ya mboga, na simu iliyolia ikipenda. Nilidhani maswali yale yalikuwa ya kutupima sisi, kisha nikadhani yalikuwa ya kumwekea Simiyu baba yake mahali salama, na kweli yalikuwa hivyo. Lakini makosa mengine hayakuwa ujanja. Aliangukaje, nani alisimama wapi, mtoto alicheka au alilia, alikuwa hajui, na alitaka kujua. Kila jioni, uzi mkononi, mwanamke yule alikuwa akimwomba mtu pekee aliyeona na aliyekuwa tayari kusema amwonyeshe mumewe kidogo, akiwa na mikono juu, akiwa hajamwachia mtoto. Nami nilimpa yote, na nilipokumbuka kitu kingine kesho yake, nikamwongezea. Nafurahi kwamba sikumpunja.